Ampea Nne

"Volti?" niliita.

Kimya.

Nikageuka. Oresta, muuguzi mkuu, alikuwa chini ya ngazi, mkono kooni, anatikisa kichwa. Mafua yalikuwa yamemnyang'anya sauti. Akanionyesha vidole viwili, kisha vinne. Halafu akaonyesha vinne tena, na ngumi kwa sifuri. Ishirini na nne, arobaini. Hakuinua hata macho kuitazama mita.

Kila asubuhi ndivyo tunavyofanya katika Chumba cha Vyungu. Mimi fundi nasimama kwenye kabati la umeme, yeye anapanda ngazi hadi kwenye mita iliyo juu ya mlango. Nauliza, anaitikia kwa sauti, na kina mama waliokuja kuviamkia vyungu wananyamaza hadi tumalize. Volti? Ishirini na nne. Ampea? Arobaini. Wakishasikia arobaini wanapumua, kila mmoja anaweka mdomo kwenye mrija wa chungu chake na kumwambia mtoto umeamkaje. Tangu maji ya bonde yaharibike, mimba hazikai tumboni kwa mtu yeyote wa mji huu. Watoto wanakua kwenye vyungu, vyungu vinataka umeme, na umeme wetu wote unatoka kwenye mtambo mmoja mdogo pale kwenye maporomoko.

"Kaa upumzike," nilimwambia Oresta. "Nasoma mwenyewe."

Akanishika sketi.

"Oresta, una nini? Niachie, nitaanguka."

Nikapanda. Volti ishirini na nne. Nikashusha macho kwenye mstari wa chini.

Ampea arobaini na nne.

Nilifuta kioo cha mita kwa kiganja. Arobaini na nne. Nyuma yangu wanawake wanane walikuwa wamenyamaza, wananisubiri.

"Fundi, vipi?" aliuliza Nolasta. Huyo hana subira hata siku moja. "Au na wewe umepoteza sauti?"

"Arobaini," nilisema.

Wakapumua. Nikashuka. Oresta hakunitazama.

*

Hesabu hiyo haihitaji karatasi. Chungu kimoja kwa volti ishirini na nne hunywa ampea tano. Gawanya volti kwa ampea, unapata ukinzani wake, omu nne nukta nane. Zidisha volti kwa ampea, unapata nguvu yake, wati mia na ishirini, na karibu zote ni za kupasha maji joto. Vyungu vinane, ampea arobaini. Chungu hakibadiliki tabia. Waya wake wa joto ni uleule tangu kilipotengenezwa.

Sasa hizi ampea nne za ziada ni za nini? Zingekuwa tano ningesema ni chungu. Ingekuwa nusu ningesema mtu ameiba umeme wa taa. Nikagawanya ishirini na nne kwa nne. Omu sita.

Sita ni nne nukta nane, na moja nukta mbili juu yake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kulikuwa na chungu cha tisa kwenye laini yangu, na njiani mwake kulikuwa na kitu kinachouzuia umeme. Nilichofikiria kwanza ni kiungo kibaya. Waya uliofungwa ovyo, tepu juu, mtu akaondoka zake. Nne mara nne, mara moja nukta mbili, ni wati kumi na tisa. Wati kumi na tisa kwenye sehemu ya ukubwa wa punje ya maharage hunuka kwanza, kisha huyeyusha tepu, kisha huwaka. Na jengo letu ni la mbao za misindano, sakafu mpaka dari.

Nikachukua mita yangu ndogo, ile ya kubana waya bila kuukata, nikaanza kufuata nyaya ukutani. Laini ya kwanza, tano. Ya pili, tano. Zote nane zilisoma tano. Nyuma ya kabati, mahali ambapo hapana mtu mwingine anayefika isipokuwa mimi na aliyekuwa msaidizi wangu, niliona waya mweusi umepenya ukuta kuelekea ghala la vyungu vibovu. Nikaubana. Nne.

Mlango wa ghala ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Fungua," nilisema. "Fungua, kuna moto unakuja."

"Hakuna moto, mama. Usipige kelele."

Nilijua sauti hiyo kabla mlango haujafunguka. Binti yangu Tumpale, msaidizi wangu huyo wa zamani, ambaye nilidhani yuko kwenye mitambo ya kukaushia pareto upande wa pili wa mlima. Ambaye kila wiki alinipigia kusema huko baridi ni kali na chakula si kibaya.

Alirudi haraka kukaa sakafuni, akajifunika blanketi. Katikati ya miguu yake kulikuwa na chungu chenye ufa uliozibwa kwa gundi. Nilikuwa nimeamuru kitupwe. Alikikumbatia kifua kwa udongo, shavu juu ya kifuniko, na kupitia kioo kidogo cha ubavuni niliona mkono. Mkono wa ukubwa wa njugu, una vidole, unafumba.

"Wa nani?" niliuliza.

"Ni wa Ipyana," Tumpale alisema.

"Ipyana amekufa."

"Tulitengeneza kiinitete kabla hajafa. Kilikuwa kwenye friji ya Oresta."

Ipyana, mume wake, alifukiwa na udongo kwenye mfereji wa mtambo. Tumpale alipoomba chungu, Halmashauri ilimjibu kwamba vyungu ni vya wenye ndoa, na mjane hana ndoa. Nilikuwepo siku anarudi na jibu hilo. Hakulia. Alisema anakwenda kutafuta kazi mbali, nami nikamfungia mkate na chai ya njiani.

Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka kumkumbatia. Nikafanya ninalolijua, nikapiga magoti kutafuta kiungo kibaya.

Hakikuwepo. Kulikuwa na waya wa jiko la umeme, umekunjuliwa, umezungushwa kwenye tumbo la chungu kwa mizunguko iliyolingana kama mshono wa cherehani. Nikaugusa kwa mgongo wa mkono, jinsi nilivyomfundisha mwenyewe kugusa kila anachokiunga. Ulikuwa na joto la chupa ya maziwa.

"Moja nukta mbili?" niliuliza.

"Moja nukta mbili."

"Kwa makusudi?"

"Mama, fikiri. Bila huo waya kingekunywa tano, jumla arobaini na tano. Kikomo cha Halmashauri ni arobaini na tano. Swichi ingekata chumba kizima."

"Kwa hiyo ukakibana."

"Nikakibana kinywe nne. Sabini na saba ndani, kumi na tisa kwenye waya, na waya umekizunguka, haipotei hata wati moja. Jumla tisini na sita."

"Kinataka mia na ishirini."

"Ishirini na nne zilizobaki natoa mimi." Akavuta blanketi. "Mtu aliyekaa ana joto la wati mia moja. Nikikibana hivi naweza kumpa robo. Oresta ananipokea nikienda chooni."

Oresta alikuwa mlangoni, amefika bila sauti, kwa sababu hakuwa nayo.

"Wewe ndiye ulikuwa unaniambia arobaini," nilimwambia. "Kila asubuhi. Mbele ya wale wanawake."

Akaitikia kwa kichwa. Akajaribu kusema kitu, ikatoka pumzi tupu. Akaelekeza kidole kwenye kioo, kwenye ule mkono. Halafu akanielekezea mimi. Nikamwelewa: leo na wewe umesema arobaini.

*

Bwana Mgaya wa Halmashauri ya Nishati alinikuta kwenye kabati. Kijana mpole, anavua kofia hata kwa vyungu.

"Shikamoo, mama Tumpale."

"Marahaba. Mbona umekuja leo? Siku yako siyo leo."

"Habari siyo nzuri, mama. Mto umeshuka tena. Tumekata taa za barabara, tumekata mashine ya kusaga, bado haitoshi. Saa sita mchana natakiwa kuteremsha kikomo cha chumba hiki."

"Kwa ngapi?"

"Arobaini na mbili." Akatabasamu, anataka kunifurahisha. "Nimewapigania. Wengine walitaka mzime chungu kimoja. Nikawaambia vyungu vinane ni arobaini, tukiwapa mbili za akiba hakuna mtoto atakayeguswa. Nilisema sawa?"

"Ulisema sawa," nilijibu.

"Maana ikifika arobaini na mbili tu, swichi inakata, na kwa hali ya mtambo sasa hivi kuiwasha tena ni kesho."

Vyungu haviwezi kusubiri kesho. Yeye na mimi tulilijua hilo, kwa hiyo hakulitaja. Akauliza habari za Tumpale. Nikasema yuko salama. Akasema nimsalimie, akatoka kwenda kunywa chai jikoni kwa wauguzi hadi saa ifike.

Nikabaki nimelikodolea macho kabati kama mtu ambaye hajawahi kuliona.

Kuna kitasa kimoja pale, cha ukubwa wa kizibo cha soda. Ndicho kinachopandisha na kushusha volti za chumba kizima. Sikigusi, hapana sababu ya kukigusa. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kupiga hesabu bila ruhusa yangu. Ukishusha volti, ampea nazo hushuka, kwa sababu ukinzani hausogei. Nikishusha hadi ishirini na mbili na nusu, kila chungu kitakunywa ampea nne na kitu, na cha Tumpale kitakunywa tatu na kitu. Jumla arobaini na moja na robo. Chini ya kikomo. Swichi haitakata. Mgaya atanywa chai yake, ataaga, ataondoka.

Lakini nguvu ni volti mara ampea, na vyote viwili vitakuwa vimeshuka. Kila chungu kitatoka wati mia na ishirini hadi mia na tano. Wati kumi na tano kwa kila mtoto. Wanane hao wana mama zao, na mama zao walikuwa upande wa pili wa ukuta wakiwaimbia kupitia mirija, hawajui chochote.

Kumi na tano si kifo. Nilijiambia hivyo. Ni baridi kidogo, ni kukua polepole, labda mapafu yanachelewa. Labda kwa saba si kitu kabisa. Lakini cha Nolasta kilikuwa na mtoto mwembamba, na Nolasta alishapoteza mmoja kwenye chungu hichohicho, mwaka ule kipimajoto kilipotudanganya.

Nilikishika kitasa. Nakiri nilikishika, na hakikuwa kigumu hata kidogo. Hapana mtu ambaye angejua. Oresta asingesema. Tumpale asingesema. Ningepanda ngazi kesho, ningesema ishirini na nne, arobaini, na wangepumua. Sauti yangu wanaiamini. Lakini wanaiamini kwa sababu gani?

Nikaachia, nikatoka.

*

"Naombeni mnisikilize," nilisema. "Iacheni mirija."

Wanawake wanane wakageuka.

"Asubuhi niliwaambia ampea arobaini. Ni uongo. Ni arobaini na nne. Kuna chungu cha tisa ghalani, na mtoto aliyemo ni mjukuu wangu."

Mtu mmoja alicheka, akadhani nimechanganyikiwa. Kisha akaona uso wangu. Akaacha.

Niliwaeleza yote, bila kupamba, kuanzia waya wa jiko, kikomo kipya, hadi kitasa. Niliwaambia wati kumi na tano. Niliwaambia zinaweza kurudishwa kwa miili, kila mama akikaa na chungu chake mchana na usiku, kifua kwa chungu, ndani ya blanketi, hadi mvua inyeshe. Niliwaambia kitasa ni kimoja, kwa hiyo ni wote au hapana hata mmoja. Mwanamke mmoja akakaa chini sakafuni taratibu. Wengine walitazama vyungu vyao kama vile vimeanza kupoa tayari.

"Tumpale," alisema mmoja. "Huyu Tumpale aliyetuletea maua ya pareto?"

"Huyo."

"Mimi nitakaa," akasema mwingine kwa sauti ya unyonge. "Kama ni kukaa tu, nitakaa."

Wakaanza kuitikia mmoja mmoja, wengine kwa kichwa, wengine wakilia. Nikageukia upande wa Nolasta. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya chungu chake kama anayezuia mtu kukifungua.

"Wangu hapana," alisema.

"Nolasta..."

"Usiniite jina langu. Wewe fundi unajua namba, mimi najua kilichonitokea. Mliniambia digrii mbili si kitu. Mliniambia atakua polepole tu. Mnakumbuka mlivyomtoa? Mimi nakumbuka. Huyu hatashushiwa hata wati moja kwa ajili ya mtoto wa mtu, hata kama ni wa mtu ninayempenda."

Wenzake wakamgeukia, na niliona mmoja anafungua mdomo kumsema.

"Mwacheni," nilisema. "Ana haki."

Na alikuwa nayo. Ndiyo maana niliuliza.

*

Tumpale alinisoma usoni nilipoingia ghalani. Sikuhitaji kumwambia. Nilikuwa na koleo mkononi, na kwapani betri ya taa ya nyumbani kwangu, ile tunayopewa kila kaya.

"Mama, hapana. Mama, tafadhali."

"Pampu ya kuzungusha maji ya chungu inakunywa kidogo, betri hii itaiendesha. Mimi nitalala gizani, nimeshazeeka, hapana ninachokitafuta usiku. Joto ndilo shida."

"Wati mia na ishirini! Mimi mmoja natoa robo!"

"Nimesikia. Sogea nikae."

"Saa ngapi sasa?"

"Imekaribia. Tumpale, nisipokata, Mgaya akiteremsha kikomo vinakufa vyote tisa. Hiki pamoja navyo."

Alijua. Hesabu nilimfundisha mwenyewe. Akaegemeza paji la uso kwenye kifuniko na kumwambia mtoto jambo ambalo si langu kuliandika. Nikaunganisha pampu na betri, nikasikiliza hadi ikaanza kunguruma vizuri. Halafu nikaushika ule waya mweusi kwa koleo.

Nimekata nyaya maisha yangu yote. Haijawahi kutokea mkono ukakataa. Huu ulikataa. Ilibidi Oresta aweke mkono wake juu ya wangu, tukabana pamoja.

Ikasikika kama mtu amevunja kijiti.

Nikavua koti. Nikakaa upande wa pili wa chungu, nikabana kifua changu hapo, nikamzungushia Tumpale mikono juu ya blanketi. Ule waya wa jiko uliokuwa na joto la chupa ya maziwa ulianza kupoa kwenye tumbo langu, niliusikia unavyopoa. Robo yake na robo yangu. Hamsini kasoro. Oresta akajibana upande wa nyuma wa chungu, ikawa sabini na kitu. Ule mkono ndani ya kioo ulikuwa umefumba, haufumbui.

Upande wa pili wa ukuta nilimsikia Mgaya anashusha kikomo, kisha anaaga. Swichi haikukata. Vyungu vinane vilibaki vinanguruma kama kawaida, na niliwachukia kwa sekunde moja, watoto wa watu.

"Haitoshi," Tumpale alinong'ona. Kipimajoto kilikuwa kinashuka. "Mama, haitoshi."

"Najua."

"Sema kitu kingine."

Nikajibana zaidi kwenye udongo.

Mlango ukasukumwa. Nolasta aliingia, macho mekundu, anavua sweta kichwani huku anatembea, akajikwaa kwenye betri yangu, akaitukana. Nyuma yake walikuwa wawili, na mmoja alibeba blanketi la mumewe.

"Sogeeni," alisema.

Hatukusogea. Nadhani hatukumwelewa.

"Wewe fundi, una masikio? Nilisema mtoto wangu hapana. Sikusema mimi hapana."

Akajibana kati yangu na mwanangu, kifua chake kwenye udongo. Alikuwa na joto kama jiwe la jikoni.